Kabla Hujatia Sahihi Mkataba wa Siri wa Mtengenezaji wa Chipu

Kwa miaka minne nilikuwa mmoja wa watu watatu waliotunza draiva ya Linux, yaani programu inayouwezesha mfumo huo kukitumia kifaa, ya aina moja ya vifaa vya Wi-Fi, vile vidogo vya kuchomeka kwenye USB. Ni kazi ya kujitolea, ya usiku, baada ya kazi ya mshahara. Kisha mtengenezaji akatoa chipu mpya, akaitia kwenye ganda lile lile kwa jina lile lile, ndani kila kitu kimebadilika. Watu walinunua wakidhani ni kile walichokizoea. Katika mwezi mmoja nilipokea malalamiko zaidi ya thelathini, yote yakisema jambo moja: kifaa kinaonekana, taa inawaka, mtandao hakuna.

Chipu ya namna hii ina kichakataji chake kidogo, na kichakataji hicho hakiamki mpaka kipewe programu yake, ile tunayoiita fimwea. Ukichomeka kifaa, kerneli, ule moyo wa mfumo wa Linux, hutafuta faili la fimwea kwenye saraka ya /lib/firmware, hulipakia kupitia USB, ndipo mazungumzo huanza. Kwa hiyo anayeandika draiva anahitaji vitu viwili. Anahitaji faili lenyewe pamoja na ruhusa ya kulisambaza, na anahitaji nyaraka zinazoeleza rejista ipi (rejista ni visanduku vidogo vya namba ndani ya chipu) inafanya nini, amri ipi inatangulia ipi, na kifaa kikigoma kinajibu vipi. Mtengenezaji huyu hakutoa hata kimoja. Fimwea ilifungiwa ndani ya draiva ya Windows na leseni yake ilikataza kuinakili. Nyaraka zilikuwa za wateja wakubwa tu.

Nilikosea tangu barua ya kwanza. Niliandika kurasa mbili zenye hisia nyingi: uhuru wa watumiaji, vifaa vinavyotupwa vingali vizima, faida ya kampuni kupendwa na jamii ya programu huria. Mwisho nikaomba nyaraka zote za chipu na chanzo cha fimwea, yaani msimbo wake asilia kama ulivyoandikwa. Wiki saba zilipita kimya. Jibu lilipokuja lilitoka idara ya mauzo, likiuliza tunakusudia kununua vipande vingapi kwa mwaka. Nilivunjika moyo. Leo naona kwamba aliyesoma barua ile hakuwa na mamlaka ya kunipa nilichoomba, wala hakujua amwulize nani. Nilikuwa nimeomba vitu ambavyo hata mkurugenzi wake asingeweza kuvitoa bila kuitisha mkutano.

Laiti ningesoma kwanza waliyofanya wenzetu. Miaka ya 2004 na 2005 watu wa OpenBSD, mfumo endeshi huria, wakiongozwa na Theo de Raadt, waliwabana watengenezaji wa chipu za Wi-Fi juu ya jambo hili hili, na wakawahimiza watumiaji wao nao wawaandikie. Madai yao yalikuwa membamba: tupeni ruhusa ya kusambaza fimwea kama ilivyo, na mtupe nyaraka bila kutufunga midomo. Hawakung'ang'ania chanzo cha fimwea, kwa sababu fimwea inaendesha kichakataji cha kifaa chenyewe. Walichokikataa katakata ni msimbo uliofungwa unaoingia ndani ya kerneli, na mikataba ya siri, ile inayomkataza mtu kutoa alichoonyeshwa. Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huria, ilimpa de Raadt tuzo yake ya mwaka 2004. Mimi nilizijua habari hizi kwa juu juu tu, kama hadithi ya zamani. Sikuzichukua kama mwongozo wa namna ya kuandika barua.

Wakati nikingoja jibu, nilianza kufumua kifaa mwenyewe, kama fundi cherehani anayefumua shati ajue lilivyoshonwa. Sehemu hii nataka kuieleza kwa urefu kidogo, maana ndiyo iliyotufaa baadaye na ndiyo niliyoidharau wakati ule.

Niliweka Windows ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yangu, nikasakinisha draiva ya mtengenezaji humo, nikaipa mashine ile kifaa. Huku nje, kwenye Linux, usbmon ilikuwa inarekodi kila baiti inayopita kwenye waya, na Wireshark inanionyesha. Sikuifungua draiva yao wala sikusoma msimbo wao. Nilisikiliza mazungumzo tu. Mwanzo wa mazungumzo ulieleweka siku ya kwanza: vipande 13 vya baiti 4,096 kila kimoja, kisha kimoja kifupi cha mwisho, kisha amri moja ndogo. Kimya kidogo. Halafu kifaa kinajitoa kwenye USB na kurudi na namba mpya ya utambulisho. Hiyo ndiyo fimwea kupakiwa na kuamka.

Baada ya hapo zilifuata amri mia kadhaa ambazo hazikuwa na maana yoyote machoni pangu. Nilikesha siku nne nikizitazama kama mtu anayetazama maandishi ya lugha asiyoijua. Kilichonikwamua ni kuacha kutazama rekodi moja ndefu na kuanza kuchukua rekodi nyingi fupi, kila mara nikibadilisha kitu kimoja tu. Niliwasha kwenye chaneli ya 1, nikazima. Nikawasha kwenye chaneli ya 6, nikazima. Kisha ya 11. Nikaziweka rekodi tatu sambamba na kuiambia kompyuta inionyeshe tofauti peke yake. Katika amri zile mia kadhaa, zilizotofautiana zilikuwa nne, na mojawapo ilikuwa na baiti mbili hizi: 6c 09 kwenye rekodi ya kwanza, 85 09 kwenye ya pili, 9e 09 kwenye ya tatu. Nilizigeuza, maana baiti ndogo ndiyo inayotangulia: 096c, 0985, 099e. Hizo ni namba za msingi wa kumi na sita; kwa hesabu ya kawaida ni 2412, 2437 na 2462. Ndiyo masafa ya chaneli 1, 6 na 11 kwa megahezi. Nilisimama kutoka kwenye kiti. Sijui kama kuna furaha nyingine inayofanana na ile, ya kitu kilichokuwa kelele tupu kugeuka kuwa neno.

Kwa njia hiyo nilipata chaneli, nikapata kuwasha na kuzima redio, nikapata namna kifaa kinavyoripoti nguvu ya mawimbi. Ilikuwa polepole, lakini ilikuwa inakwenda.

Kisha nikaharibu vifaa. Kulikuwa na amri mbili zinazofanana sana, moja ya kusoma kumbukumbu ya kudumu ya kifaa na nyingine ya kuiandika. Nilidhani natuma ya kusoma. Nilipochomoa kifaa na kukichomeka tena, anwani yake ya MAC, ile namba inayokitambulisha mtandaoni, ilikuwa ff:ff:ff:ff:ff:ff, yaani imefutika. Ndani ya kumbukumbu ile hamkaliwi na anwani peke yake. Humo ndimo kiwanda kinapoandika vipimo vya urekebishaji wa redio vya kifaa hicho hicho kimoja, na huwezi kuazima vya kifaa kingine ukatarajia kirushe mawimbi sawasawa. Cha kwanza kilikufa hivyo. Cha pili kilikufa nikijaribu kukiokoa cha kwanza. Ukianza kazi kama hii, kabla ya jaribio lolote, soma kumbukumbu yote ya kudumu na uihifadhi mahali pawili. Kama bado hujui kuisoma, basi amri yoyote usiyoijua usiitume kwenye kifaa usichokuwa tayari kukipoteza.

Kufa kwa kifaa cha pili ndiko kulikonifikisha kwenye mkataba. Nilikuwa nimechoka, malalamiko yanazidi, na wiki ile ile mhandisi mmoja wa kampuni akaniandikia kwa wema kabisa. Alisema nyaraka zipo, anaweza kunipatia, ila kuna karatasi ya kutia sahihi. Kurasa tano. Nilizisoma jioni moja. Sikumwonyesha mwanasheria wala wenzangu wawili. Nilijiambia kwamba nitaona nyaraka, nitaandika draiva, watu watapata mtandao, yaliyobaki ni maneno ya karatasi. Nikatia sahihi.

Nyaraka zilikuwa nzuri. Kurasa 61, jina langu limechapwa mshazari kwa rangi hafifu katika kila ukurasa. Majedwali ya rejista, michoro ya hatua za kuamsha redio, na mwishoni orodha ya kasoro za chipu zinazojulikana, pamoja na namna ya kuzikwepa. Mambo ambayo yangenichukua miezi kuyagundua yalikuwa sentensi moja moja. Ndani ya wiki tatu nilikuwa na draiva inayofanya kazi mezani pangu.

Haikutoka mezani. Kifungu cha tatu kilisema siri ni pamoja na chochote kinachotokana na nyaraka. Kwa tafsiri ya wanasheria wao, jina la rejista ni siri. Maelezo ya kwa nini unaandika thamani fulani ni siri. Kila mstari ulitakiwa kupita kwao kwanza, na ulirudi baada ya wiki tano au sita ukiwa umevuliwa nguo: majina yote yamekuwa namba tupu, maelezo yote yamefutwa. Nilipeleka sehemu ya kwanza kwa wakaguzi wa kerneli ikiwa hivyo. Mkaguzi aliuliza swali la haki kabisa: kwa nini hapa unaandika 0x2c, na kwa nini unangoja milisekunde 15 baada yake? Nilijua jibu. Lilikuwa kwenye orodha ya kasoro. Niliandika kwamba ndivyo kifaa kinavyotaka. Akajibu kwamba msimbo ambao mwandishi wake hawezi kuueleza hautaweza kutunzwa na mtu mwingine, akaukataa. Alikuwa sahihi, na aibu niliyoisikia usiku ule sijaisahau.

Yapo makubaliano ya siri yasiyoua kazi, na haki inataka niseme hivyo. Mwaka 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasanidi wakuu wa kerneli ya Linux, aliwatangazia watengenezaji kwamba wasanidi wa Linux wako tayari kuwaandikia draiva bure, hata kwa kutia sahihi mkataba wa siri wakihitaji, mradi msimbo wenyewe utoke chini ya leseni ya GPL, inayouacha wazi kwa wote. Tofauti iko kwenye kifungu kimoja. Mkataba useme waziwazi, kwa maneno yake wenyewe, kwamba msimbo utakaoandikwa pamoja na maelezo yake na majina ya rejista unaruhusiwa kutangazwa, na kwamba hakuna idhini nyingine itakayohitajika baadaye. Kama kifungu hicho hakimo, omba kiwekwe. Wakikataa, usitie sahihi hata kama aliyekuletea karatasi ni mtu mwema. Wangu alikuwa mwema kweli. Aliacha kazi mwezi wa nane, na aliyeshika nafasi yake hakuwahi kunijibu.

Angalia pia muda. Wangu ni miaka mitano tangu siku ya sahihi, na haukatiki kwa sababu kampuni imeacha kukujibu. Hata ungekufa mradi, siri haifi.

Jambo ninalolijutia kuliko yote ni kwamba sikuwaambia wenzangu mapema. Kwa miezi kumi na mmoja walidhani nakawia kwa sababu ya kazi. Nilikuwa naona haya, na kila mwezi uliopita uliifanya haya hiyo kuwa nzito zaidi. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha mpaka mwenzangu mmoja aliposema ameamua kuanza draiva ya chipu hiyo kutoka mwanzo, na kuniomba nimsaidie kukagua. Hapo nilimwambia yote. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza kamwe: rekodi zako za usbmon ni za tarehe ngapi?

Swali lile lina historia nyuma yake. Mwaka 2005 na 2006, Broadcom ilipokuwa haitoi nyaraka za chipu zake za Wi-Fi, waliofanikisha draiva ya Linux waligawana makundi mawili. Kundi moja lilichunguza draiva iliyopo na kuandika maelezo ya namna chipu inavyofanya kazi. Kundi la pili lilisoma maelezo hayo tu na kuandika msimbo mpya. Waandishi hawakugusa kilichochunguzwa, ili asije mtu akasema wameiba. Sisi nasi tulihitaji ukuta wa namna hiyo, na mimi nilikuwa upande usiofaa wa ukuta. Nilichokijua baada ya kutia sahihi kilikuwa kimefungwa. Nilichokirekodi kabla ya kutia sahihi kilikuwa changu, nami nilikuwa na haki ya kukitoa, ila ilibidi niweze kuthibitisha tarehe.

Rekodi nilizokuwa nimezipandisha kwenye hazina yetu ya msimbo zilikuwa tisa, zote za kabla ya sahihi, tarehe zake zinaonekana kwa kila mtu. Za chaneli zilikuwemo. Nyingine zaidi ya arobaini zilikuwa kwenye kompyuta yangu, ndani ya folda moja na maelezo niliyoyaandika baada ya kusoma nyaraka, nyingine nimezipa majina mapya kwa kutumia majina ya rejista kutoka kwenye nyaraka zile zile. Hizo zote tuliziacha. Kazi ya wiki nyingi, tena halali kabisa, ikawa haifai kwa sababu niliichanganya. Kwa hiyo nakuomba wewe unayeanza leo: pandisha rekodi zako siku hiyo hiyo unayozichukua, hata kama huzielewi, na uandike kando yake ulikuwa unafanya nini kwenye kifaa wakati unarekodi.

Kuhusu sheria, soma ya nchi yako kabla ya kufungua draiva ya mtu. Umoja wa Ulaya una maagizo ya mwaka 2009, namba 2009/24/EC, ambayo kifungu chake cha 6 kinaruhusu kuchambua programu ili upate habari za kuifanya programu nyingine ishirikiane nayo, kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba habari hizo hazikuwa zikipatikana kwa urahisi. Marekani nayo ina ruhusa inayokaribiana na hiyo ndani ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998. Kusikiliza waya wa kifaa chako mwenyewe ni jambo jepesi zaidi kulitetea, ndiyo maana tulibaki hapo.

Mwenzangu alianza na zile rekodi tisa na kifaa kipya alichonunua kwa fedha yake. Mimi sikugusa msimbo. Kazi niliyobakiwa nayo ilikuwa barua, na barua hii ya pili niliiandika tofauti. Aya tatu. Niliomba kitu kimoja: ruhusa ya kusambaza faili la fimwea bila kulibadilisha. Niliambatanisha maneno kamili ya leseni, niliyoyaiga kutoka leseni za kampuni nyingine ambazo fimwea zao zimo tayari kwenye hazina ya linux-firmware, mkusanyo wa pamoja wa fimwea za Linux, ili mwanasheria wao asilazimike kutunga chochote. Niliipeleka kwa idara ya uhandisi na nakala kwa idara ya sheria. Walijibu baada ya siku tisa: ndiyo.

Nimewaza sana kwa nini hiyo ilipita na nyingine haikupita. Kampuni hizi zina hofu za kweli. Ndani ya chipu mna vipande walivyonunua leseni kwa wengine. Kuna hataza. Kuna kasoro ambazo hawataki mteja mkubwa azisome. Kuna sheria za redio, wanaogopa mtumiaji ataongeza nguvu ya mawimbi kupita kiwango. Hofu hii ya mwisho naiheshimu, ila haitoshi kuwa sababu ya kufunga kila kitu: Atheros, kampuni nyingine ya chipu za Wi-Fi, ilitoa draiva yake huria ya ath9k mwaka 2008, na mwaka 2013 hata fimwea ya vifaa vyake vya USB vya jamii hiyo ilifunguliwa, na vifaa hivyo vimeendelea kutumika bila redio za watu kuvurugika. Lakini hofu za kampuni huwezi kuzitibu kwa barua. Unachoweza ni kuomba kitu kidogo ambacho hakigusi hata hofu moja kati ya hizo.

Draiva iliingia kwenye kerneli miezi saba baadaye, kwa jina la mwenzangu, kama inavyostahili. Wale waliolalamika mwanzoni wengi wao wanaitumia. Nyaraka hazijawahi kutolewa.

Kitu kimoja bado hakifanyi kazi. Kompyuta ikilala, kifaa hakilali, kinaendelea kula betri usiku kucha. Rekodi tisa hazionyeshi kinavyolazwa, na mwenzangu amejaribu njia sita. Swali hilo liko wazi kwenye orodha yetu ya kazi, lina majibu ishirini na mawili ya watu wanaokisia. Jibu liko ukurasa wa 38, mistari miwili, nami nalikumbuka neno kwa neno. Juzi mtu mmoja alikaribia sana, alikosea rejista kwa namba moja tu, akauliza kama kuna yeyote anayejua. Nilisoma, nikafunga dirisha. Imebaki miezi kumi na tisa.